Kura ya Kijiji: Mazoea, Woga au Hesabu?

Kijiji cha Tanzania Bara ni mamlaka inayotambuliwa na sheria. Kina Mkutano Mkuu unaowajumuisha wakazi wote waliotimiza miaka 18, kina Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na kimegawanywa katika vitongoji, kila kitongoji na mwenyekiti wake. Vijiji ni zaidi ya 12,000 na vitongoji ni takriban 64,000. Mkazi wake huitwa kupiga kura mara mbili katika kila miaka mitano: kwanza kuchagua serikali ya kijiji, kisha, mwaka unaofuata, kuchagua Rais, mbunge na diwani.

Kila matokeo yanapotangazwa huzuka maswali mawili. La kwanza ni la mwelekeo: kwa nini vijiji vingi hukipa ushindi chama kilekile miaka nenda miaka rudi, ilhali vingine hugeuka ghafla? La pili ni la mwitikio: kwa nini uchaguzi mmoja huwatoa watu majumbani alfajiri, na mwingine huacha makarani wakipiga miayo tangu saa nne? Majibu yanayosikika zaidi yanaweza kupangwa katika sauti nne. Mzee ni mwanachama wa chama tawala, CCM, tangu enzi za mtangulizi wake, TANU. Kijana ni dereva wa bodaboda. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mtendaji ni afisa mtendaji wa kijiji aliyestaafu baada ya kuhudumia vijiji kadhaa na kusimamia vituo vya kupigia kura. Kila mmoja anasimama hapa kwa niaba ya msimamo, si kwa niaba ya mtu fulani.

Chama kilichokianzisha kijiji

Mzee anaanzia mbali. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mfumo wa nyumba kumi. Kila kaya kumi zikapata balozi, na balozi huyo ndiye aliyepeleka malalamiko juu na kuleta maagizo chini. Ikafuata Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyowahamisha mamilioni ya watu kutoka makazi yaliyotawanyika. Kwa Sheria ya Vijiji ya 1975, mwenyekiti wa tawi la chama akawa ndiye mwenyekiti wa kijiji.

"Wanangu, vyama vingine vinakuja kijijini kuomba kura," anasema. "Hiki kilikuta kijiji hakipo, kikakianzisha. Shule mliyosoma, kisima mlichotekea, zahanati mliyozaliwa, vyote vilikuja chini yake. Anayekumbuka fadhila ana kosa gani?"

Kijana haikatai historia hiyo. Anachokataa ni hitimisho lake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vyama vipya vilikuta kila mlango una mwenyewe. Wenyeviti wa vijiji walianza kuchaguliwa kwa ushindani wa vyama mwaka 1994, lakini balozi wa nyumba kumi alibaki kuwa mtu wa CCM, na yupo hadi leo. "Shikamoo mzee wangu, lakini tuseme kweli. Balozi anajua nani ana mgonjwa, nani ana arusi na nani hakuonekana mkutanoni. Chama kipya kinafika na gari la matangazo wiki mbili kabla ya kura, kinatimua vumbi, kinaondoka. Hiyo unayoiita shukrani mimi naiita umbali. Mmoja yuko jirani, mwingine ni mgeni."

Mzee anakumbusha Tume ya Nyalali, iliyozunguka nchi mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliosikilizwa walitaka chama kimoja kiendelee. Kwake yeye, hayo ndiyo yalikuwa maoni halisi ya watu, na kura zilizofuata zimeyathibitisha.

Mtendaji anaongeza kipande ambacho mara nyingi huachwa. Wengi katika hao asilimia 80 walitaka chama hicho kimoja kirekebishwe, na Tume yenyewe ilipendekeza vyama vingi. "Mtu aliyesema chama kibaki hakusema kibaki kama kilivyo," anasema. Kwa hiyo takwimu ya Nyalali inaonyesha hofu ya mabadiliko ya ghafla. Haionyeshi kwamba watu walikuwa wameridhika na kila kitu.

Mama anarudi nyuma zaidi, hadi uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu katika kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 96 ya kura za Rais. Katika uchaguzi huohuo wabunge wengi walibwagwa, na miongoni mwa walioanguka alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani. "Watu walewale, mkono uleule," anasema Mama. "Wakamwacha Rais, wakamwondoa waziri. Nani anasema mwanakijiji anapiga kura kwa mazoea?"

Hoja ya Mama inaubadilisha mjadala. Ikiwa mpiga kura wa kijijini aliweza kutofautisha mtu na chama hata pale palipokuwa na chama kimoja tu, basi ushindi wa mfululizo wa chama kimoja hauwezi kuelezwa kwa mazoea peke yake.

Vijiji vilivyogeuka

Ushahidi mzuri wa jinsi mwelekeo unavyojengwa unapatikana mahali ulipovunjika. Mwaka 1995 Wilbroad Slaa aliongoza kura za maoni za CCM katika jimbo la Karatu, akaenguliwa na vikao vya juu, akahamia chama cha upinzani cha Chadema na kushinda. Karatu ni wilaya ya wakulima na wafugaji, si ya mjini. Hata hivyo jimbo hilo lilibaki mikononi mwa Chadema kwa miaka 25, likiwa na wabunge watatu tofauti. Mwaka huohuo wa 1995, NCCR-Mageuzi ya Augustino Mrema ilipata nguvu kubwa katika vijiji vya kahawa vya Kilimanjaro, na UDP ya John Cheyo ikajipatia ngome Bariadi, eneo la pamba. Mwaka 2010 Tundu Lissu alishinda Singida Mashariki, jimbo kavu lisilotegemea kahawa, pamba wala korosho, akalitetea mwaka 2015. Mwaka huo wa 2015 CUF ilishinda majimbo kadhaa ya Lindi na Mtwara, yakiwemo ya wakulima wa korosho.

Mzee anaona jambo moja katika orodha hiyo: mtoto wa nyumbani. "Hawakuipenda Chadema. Walimpenda Slaa. Chama kilimkata mtu wao, nao wakamfuata."

Kijana anajibu kwamba mtu peke yake hatoshi. Slaa aliliacha jimbo mwaka 2010 kwenda kugombea urais, na Karatu haikurudi CCM mwaka huo wala mwaka 2015. Kilichobaki baada yake ni matawi, madiwani na mawakala wa chama walioota mizizi vijijini.

Mama anaongeza bei ya mazao. Mkulima wa kahawa, pamba au korosho hukutana na serikali kila msimu kwenye mizani, makato na malipo yaliyochelewa. Mkulima wa mahindi anayekula anachovuna hukutana nayo mara chache. "Ukikopwa korosho zako, siasa unaielewa bila kufundishwa," anasema. Lakini anakiri kwamba Singida Mashariki inaipunguza nguvu hoja yake, kwa kuwa pale hapakuwa na zao la kuwakasirisha watu kiasi hicho.

Mtendaji anazikusanya hoja tatu. Kijiji hugeuka pale panapokutana mtu anayeaminika, jambo linalouma na mtandao wa kulinda kura hadi fomu ya matokeo ijazwe. Kikikosekana kimoja, kijiji hunung'unika lakini hakigeuki. Anaeleza pia kwa nini mchanganyiko huo ni nadra. Sheria hairuhusu mgombea binafsi, hata katika ngazi ya kitongoji. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia, lakini sharti la kudhaminiwa na chama limebaki. Matokeo yake, mtu anayeheshimika kijijini akitaka uenyekiti huchukua kadi ya chama chenye ofisi karibu. Jina lake likitangazwa, kijiji huhesabiwa kuwa cha chama hicho, ingawa waliompigia walimchagua yeye.

Mhuri na orodha ya ukutani

Hoja ya woga ndiyo yenye ubishi mkubwa zaidi, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Mwenyekiti wa kijiji au kitongoji halipwi mshahara, lakini ana mhuri. Mkazi anayetaka kumdhamini ndugu yake polisi, kufungua akaunti benki, kuomba mkopo, kumwombea mtoto nafasi ya masomo au kuuza shamba huanza kwa barua ya utambulisho, na barua isiyo na mhuri haivuki dirisha la kwanza. Aidha, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wakazi. Majina ya kaya maskini zinazostahili ruzuku ya TASAF nayo husomwa na kuthibitishwa katika mkutano wa kijiji.

"Hakuna anayekutisha," anasema Kijana. "Unaambiwa tu mwenyekiti ametoka, njoo kesho. Kesho unaambiwa wino umekwisha. Ukikumbuka bendera uliyopeperusha kwenye pikipiki, unaelewa mwenyewe."

Mzee anakasirika. Anasema wenyeviti wengi ni watu waadilifu wanaogonga mhuri saa mbili usiku wakiwa wamekaa jikoni, bila kumuuliza mtu kadi yake. Kura ni siri, na hakuna anayeingia na mwenzake nyuma ya kituturi.

Mtendaji anakubali kwamba kura ya mtu mmoja ni siri, kisha anaonyesha mahali siri hiyo inapokonda. Kituo cha kijijini mara nyingi ni darasa la shule ya msingi lenye orodha ya majina ya wapiga kura mia chache iliyobandikwa nje. Ndani, mawakala wa vyama hukaa benchi moja, na karibu kila anayeingia wanamjua kwa jina, ukoo na shamba. Jioni kura huhesabiwa papo hapo, kisha nakala ya fomu ya matokeo hubandikwa nje ya kituo. Utaratibu huo ni kinga kubwa dhidi ya wizi wa kura, kwa sababu kila mtu anaweza kulinganisha namba za kituo na zile zinazotangazwa wilayani. Lakini fomu hiyohiyo hukiambia kijiji kwamba chama fulani kimepata kura tisa. Katika mtaa wa Dar es Salaam kura tisa hazina sura. Katika kitongoji cha kaya sitini, kabla ya kuchwa watu wameshaanza kuzitafutia wenyewe.

Hitimisho la sehemu hii linawapa wote kitu. Mzee yuko sahihi kwamba siri ya mpiga kura inalindwa na sheria. Kijana yuko sahihi kwamba ulinzi huo hauifikii sifa ya kijiji, ambayo hukaa wazi kwenye fomu ya matokeo. Ndiyo maana watu wengine huona usalama zaidi katika kutokwenda kabisa kuliko kwenda na kuhesabiwa miongoni mwa wale tisa.

Zawadi za kampeni huingia hapa pia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba. Kanga, fulana, kofia na sahani za pilau hazikutoweka. Mama anazipuuza: "Kanga nitavaa, pilau nitakula, na kura yangu ninaijua mwenyewe." Kijana anatilia shaka ujasiri huo kwa wote, ila anakubali kwamba zawadi inayotolewa na kila upande hupoteza nguvu ya kununua. Kinachobaki ni kazi yake ya pili, yaani kuujaza uwanja wa mkutano ili mgombea aonekane anakubalika.

Hesabu za mwitikio

Kutoka mwelekeo mjadala unahamia mwitikio, na Mtendaji anaweka takwimu za Tume ya Taifa ya Uchaguzi mezani. Mwaka 2005 walipiga kura asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walishuka hadi asilimia 42.8. Mwaka 2015 walipanda hadi asilimia 67.3, na mwaka 2020 wakashuka tena hadi asilimia 50.7.

Mzee ana jibu rahisi kwa anguko la 2010: watu walijua mgombea wao atashinda, wakaenda shamba.

Mama anatoa jibu la pili. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianzishwa mwaka 2004, na kufikia 2010 lilikuwa na majina ya marehemu, ya waliohama na ya walioandikwa zaidi ya mara moja. "Marehemu mume wa jirani yangu alikuwa bado ukutani," anasema. Daftari likiwa na watu wasiokuwapo, asilimia hushuka hata kama waliopo wote wamejitokeza. Mwaka 2015 daftari lilipoandikwa upya kwa mfumo wa alama za vidole, asilimia ikapanda.

Kijana anaomba watazame idadi ya kura zenyewe. Mwaka 2005 zilipigwa kura takriban milioni 11.9. Mwaka 2010 zilikuwa milioni 8.6. Daftari chafu linaweza kuishusha asilimia, lakini haliwezi kuwarudisha nyumbani watu milioni tatu waliopiga kura miaka mitano kabla. Kura za Rais Jakaya Kikwete wa CCM zilishuka kutoka milioni 9.1 hadi milioni 5.3, na waliomwacha hawakuhamia wote kwa wapinzani. Wengi hawakwenda kabisa. "Kutokwenda nako ni neno," anasema. "Mtu hataki kumpa mpinzani, na hataki kumpa wa kwake. Anakaa."

Mtendaji anaiunga mkono hesabu hiyo na kuongeza nyingine. Mwaka 2015 kura zilizopigwa zilikuwa takriban milioni 15.6, na mwaka 2020 zilikuwa takriban milioni 15.1. Idadi karibu haikubadilika, ila walioandikishwa waliongezeka kutoka milioni 23 hadi zaidi ya milioni 29. Anguko la 2020 kwa hiyo halifanani na la 2010. La kwanza lilikuwa la wapiga kura kupungua. La pili lilikuwa la daftari kukua huku vituo vikipokea idadi ileile. Asemaye kwamba "watu wamechoka na siasa" kwa chaguzi zote mbili hajatazama kilichotokea.

Kwa mwaka 2025 sauti zote nne zinaongea kwa uangalifu. Tume ilitangaza mwitikio wa takriban asilimia 87 na ushindi wa karibu asilimia 98, katika uchaguzi ambao vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea urais, na ambao uliambatana na ghasia, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema haukufikia viwango vya kidemokrasia vya jumuiya hizo. Mzee anaitetea takwimu rasmi, Kijana anaikataa. Mtendaji anasema namba inayobishaniwa hivyo haiwezi kutumika kama kipimo cha tabia ya kijiji chochote.

Shamba, umbali na jina lililobaki nyuma

Sababu za kawaida nazo zina uzito. Uchaguzi mkuu hufanyika Oktoba, wakati mashamba yanaandaliwa kusubiri mvua. Familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani, na wafugaji huwa mbali na maskani yao wakitafuta malisho na maji. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Kwa kawaida mtu hupigia kura pale alipojiandikisha, kwa hiyo anayehama bila kurekebisha taarifa zake huacha jina nyuma.

"Nusu ya wenzangu majina yao yako hapa," anasema Kijana, "wenyewe wako machimboni Mererani na sokoni Kariakoo." Nauli ya kurudi kwa ajili ya kura moja hawana, na uboreshaji wa daftari ulipopita huko waliko walikuwa kazini.

Mama anaeleza upande wa wanawake. Mwaka 2015 walikuwa zaidi ya nusu ya walioandikishwa. Asubuhi ya kura bado kuna maji ya kuteka, watoto wa kulisha na mgonjwa wa kuangalia. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wenye ulemavu hupewa nafasi mbele ya foleni, na utaratibu huo unasaidia sana. Mama anasisitiza kwamba kazi hizo hazijawahi kuwazuia wanawake kupanga foleni alfajiri wanapoona kura ina maana. Umbali na shughuli huamua saa ya kwenda. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda hutoka kwingine.

Tafiti za Afrobarometer katika nchi nyingi za Afrika zinamwunga mkono: wakazi wa vijijini husema wamepiga kura kwa kiwango kikubwa kuliko wa mijini, ingawa wao ndio wenye safari ndefu na elimu ndogo.

Somo la Pemba

Mfano unaoipima hoja hiyo ya Mama uko ng'ambo ya mkondo, Zanzibar. Tarehe 31 Oktoba 2010, siku ileile ambayo takwimu ya taifa ilikuwa asilimia 42.8, uchaguzi wa Zanzibar ulipata mwitikio wa karibu asilimia 90. Pemba ni kisiwa cha mashamba ya karafuu, uvuvi na vijiji, chenye kipato cha chini. Uzembe wa watu wa shamba ungekuwa sababu, ungeonekana pale kwanza.

Tofauti ilikuwa katika uzito wa matokeo. Katika kura za urais wa Zanzibar za mwaka 1995, Salmin Amour wa CCM alimshinda Seif Sharif Hamad wa CUF, maarufu Maalim Seif, kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Katika uchaguzi wa namna hiyo shehia moja, yaani kitengo cha chini cha utawala cha Zanzibar, inaweza kuamua nani aingie Ikulu. Mwelekeo nao ulikuwa na mizizi katika siasa za kabla ya Mapinduzi ya 1964 na katika hisia ya Wapemba kwamba kisiwa chao kimesahauliwa. CUF ilivichukua viti vya Pemba uchaguzi baada ya uchaguzi.

Mzee anatoa tahadhari: ushindani huo uliambatana na uhasama, wapo waliouawa Januari 2001, na zipo familia zilizokataa kuzikana. Mwitikio mkubwa, anasema, si lazima uwe afya. Mtendaji anaongeza kwamba daftari la Zanzibar lilikuwa na masharti makali ya ukaazi, na wapo waliolalamika kukosa kitambulisho kwa sababu ya sheha, mkuu wa shehia. Daftari dogo hupandisha asilimia. Hata hivyo hakuna kati ya hao wawili anayeweza kuliziba pengo kati ya asilimia 90 na 43 kwa hoja ya daftari pekee. Na palipoondolewa ushindani, watu wengi zaidi walikaa nyumbani: uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa Machi 2016 ulisusiwa na CUF, na Shein akapata zaidi ya asilimia 91.

Uchaguzi wa jirani na jirani

Ingetarajiwa kwamba uchaguzi wa serikali ya kijiji, unaomhusu mwenye mhuri, ndio ungevuta watu wengi zaidi. Hali ni ngumu kuliko hivyo. Uchaguzi huo umekuwa ukisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura inayoandikwa upya katika kitongoji. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa wa siku kumi tu za Oktoba. Mwenye kadi ya uchaguzi mkuu aliyedhani imemtosha alijikuta hana jina siku ya kura.

Mwaka 2014 CCM ilichukua takriban asilimia 80 ya vijiji, na upinzani ukapata vilivyosalia. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99, sehemu kubwa bila kupingwa. Mwaka 2024 upinzani ulishiriki, lakini uenguaji ulilalamikiwa tena na matokeo yakawa asilimia 99.

"Je, katika miaka mitano vijiji elfu mbili vilibadili mawazo?" anauliza Kijana. Mzee anajibu kwamba upinzani hauna watu wa kujaza fomu vizuri, na kwamba miradi ya maji, umeme na vituo vya afya imeonekana kwa macho. Mtendaji haamui kati yao, ila anaonyesha kwamba pale ambapo mgombea ni mmoja, takwimu ya mwelekeo haipo. Haiwezi kusemwa kijiji kinapenda nini kabla hakijaulizwa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imelitambua jambo hilo kwa wabunge na madiwani: mgombea aliyebaki peke yake sharti apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Mama anaona hilo ni bora kuliko kupita kimya, mradi kisanduku cha hapana kihesabiwe kwa uaminifu uleule.

Wanapokubaliana na wanapoachana

Sauti nne zinakubaliana katika mambo matatu. Kwanza, ushindi wa mfululizo wa chama kimoja kijijini una tabaka kadhaa: kumbukumbu ya chama kilichokijenga kijiji, ujirani wa mabalozi, uhitaji wa mhuri, na uhaba wa wagombea wengine. Anayetaja tabaka moja tu ameacha mengine. Pili, asilimia ya mwitikio haisomeki bila kutazama daftari na idadi ya kura zenyewe. Tatu, mwanakijiji huhesabu. Hupima kama kura yake itabadili kitu, itahesabiwa, na itamgharimu nini kwa jirani zake. Majibu yakiwa mazuri hutembea kilomita nyingi. Yakiwa mabaya hukaa nyumbani hata kama kituo kiko uani.

Wanaachana katika tafsiri ya ukimya. Kwa Mzee, asiyekwenda ameridhika. Kwa Kijana, amekata tamaa. Kwa Mama, ana kazi nyingine hadi aone sababu. Mtendaji anashikilia kwamba takwimu pekee haziwezi kutenganisha hali hizo tatu, kwa kuwa zote huacha nafasi tupu ileile kwenye daftari. Kinachoweza kuzitenganisha ni uchaguzi wenye wagombea zaidi ya mmoja, daftari lililosafishwa na fomu ya kituo inayolingana na ile ya wilaya. Vitatu hivyo vikipatikana katika chaguzi mbili mfululizo, kijiji kinachorudia chaguo lake kitakuwa kimechagua, na kinachobaki nyumbani kitakuwa kimesema jambo ambalo vyama vyote vitalazimika kulitafutia jibu.